Usitie sahihi mkopo kwanza

Kurasini, Dar es Salaam
9 Juni

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mbeya, wewe, shemeji na watoto. Mama hajambo, goti limeacha kumsumbua na anakuulizia kila wiki.

Habari ya mkopo nimeisoma mara mbili. Una magari 12 ya mizigo, unataka kuongeza 4, na benki imekubali. Nakuomba usitie sahihi kwanza. Jana nimekesha na daftari nikipiga hesabu, kwa kuwa sitaki kukupotosha kwenye jambo lililobeba nyumba yako.

Uliniambia gari likitoka Dar, likashusha Lusaka, likarudi hapa kupakia tena, ni siku 12. Basi magari 12 yanakupa safari moja kila siku. Kuna kanuni aliyoithibitisha Mmarekani John Little mwaka 1961: idadi ya vilivyomo kwenye mzunguko ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa humo. Kwako wewe, safari za siku ni magari gawanya kwa siku za mzunguko. Ukiwa na magari 16 kwa siku 12, unapata safari 4 kila siku 3. Sasa chukua hayo hayo 12 uliyonayo, mzunguko ushuke hadi siku 9: jibu ni lile lile. Siku 3 zinafanya kazi ya magari 4, na hazidai rejesho kila mwezi.

Siku hizo huzipati kwa kumhimiza dereva akanyage mafuta, na naomba usifanye hivyo kamwe. Zimo pale gari linaposimama: getini kwetu kazini linapopakia, mizani ya barabarani ya Vigwaza, Makambako na Mpemba, halafu Tunduma mpakani na Zambia.

Mimi nalijua geti. Tuseme linapakia usiku na mchana, wastani wa nusu saa kwa gari, yaani uwezo wake ni magari 20 kwa saa 10. Magari yanafika yanavyotaka. Yakija 16 katika hizo saa 10, kila gari litakaa kwa wastani saa 2 na nusu tangu kufika hadi kutoka. Yakija 18, saa 5. Yakija 19, saa 10! Limeongezeka gari moja tu, muda umekuwa maradufu, na kwenye karatasi geti bado lina nafasi. Kinachotokea ni kwamba nusu saa ambayo geti limekaa bure alfajiri huwezi kuiweka akiba ukaitumia saa 4 asubuhi magari yanaposongamana. Imepotea. Nimeona makuli wakifokewa kwamba ni wavivu, wanaume waliobeba magunia tangu usiku, na roho imeniuma, maana kosa lilikuwa kwa aliyepanga kazi bila kuacha mwanya.

Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1909 akizitazama simu za Copenhagen: laini chache, wapigaji wengi, kila mmoja anapiga anapotaka. Weka lori mahali pa simu, hesabu haibadiliki sana.

Kwa hiyo magari 4 mapya yangepanga foleni nyuma ya yale 12, na mzunguko ungerefuka kwa yote. Huenda hizo safari za ziada usizione kabisa.

Anza na Jumatatu. Unayatoa sita kwa pamoja ili yaongozane, nami naelewa kwamba unahofia njia, lakini yanafika kila mahali kwa pamoja pia. Yatoe mawili mawili. Mwaka ule ule wa 1961 Mwingereza John Kingman alionyesha kwamba kusubiri kunategemea pia mtawanyiko, yaani jinsi nyakati za kufika na za kuhudumiwa zinavyopishana na wastani. Mitawanyiko yote miwili ikipungua nusu, kusubiri kunabaki kama robo. Kwenye lile geti la magari 18, saa 4 na nusu za foleni zinashuka hadi saa moja na dakika chache.

Upande wetu nimeshamwandikia bosi. Tuna mageti mawili, kila moja na foleni yake. Tukiweka foleni moja inayolisha yote mawili, zile saa 5 za magari 18 kwa kila geti zinakuwa saa 2 na dakika 38, bila kuajiri kuli hata mmoja. Nitamfuata mpaka akubali.

Tunduma, mwambie wakala karatasi zitangulie gari. Kituo ni kimoja sasa kwa nchi zote mbili, ila gari lisilo na karatasi linasimama vile vile.

Naomba madereva wako kwa miezi miwili waandike, kila kituo, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Kilomita sizihitaji. Nitumie hizo kurasa hata kwa picha za simu, nitazipanga mwenyewe. Zikionyesha kwamba magari yako hayasimami, nitakuja Mbeya nikushike mkono siku ya kutia sahihi.

Nangoja jibu lako.

Ndugu yako,
Salumu