Miradi ya Kiingereza ipimwe kwa watoto, si kwa semina

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme neno kuhusu miradi ya kuboresha ufundishaji wa Kiingereza katika shule zetu za msingi. Somo hilo nimelifundisha Ukerewe, na baadaye huku Ilemela mpaka nikastaafu. Miradi nimeiona ikija na kuondoka, mingine na magari mapya, mingine na vitabu vizuri kweli. Mtu wa mradi aliyekaa chini akamsikiliza mtoto, huyo ni wa kutafuta.

Utaratibu wenyewe tunaujua. Walimu wanaitwa semina mjini, wanapiga picha ya pamoja, na mchana wa mwisho linagawiwa dodoso: semina imekusaidia kwa kiasi gani, weka tiki kuanzia moja hadi tano. Katika semina mojawapo niliyohudhuria, dodoso lilikusanywa mlangoni na yule yule aliyeshika karatasi ya kusaini posho. Sasa nani aweke tiki kwenye mbili? Ripoti ikasema walimu wameridhika sana. Tuliridhika kweli, siku hiyo tulikula sato.

Jumatatu nikarudi kwenye darasa langu la watoto zaidi ya mia, ambao wengi Kiswahili chenyewe wamekikuta shuleni kwa kuwa nyumbani ni Kisukuma. Tulifundishwa kuwapanga watoto katika vikundi vidogo. Madawati yalivyobanana, hata mwalimu kupita ilikuwa shida. Hakuna aliyekuja kuuliza mbinu zile zimekwama wapi. Watu wa mradi walipokuja waliishia ofisi ya mwalimu mkuu, wakahesabu waliohudhuria, wakaomba mtoto mmoja awasomee. Akaletwa anayejua. Hata mimi ningemleta huyo huyo.

Hapa kwangu Igombe watoto wa jirani huja jioni na madaftari yao. Mmoja wa darasa la tatu alinisomea ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno. Nikamfunulia ukurasa mwingine. Akaendelea na habari zile zile za ukurasa uliopita, na kidole kikitembea vile vile. Alikuwa amekariri jinsi darasa zima linavyoitikia. Mbele ya mgeni wa mradi huyo ni msomaji hodari, na kwenye mtihani wa kuchagua herufi anaweza kubahatisha akavuka.

Kumpima mtoto mwenyewe si jambo geni nchini. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipochunguza hali ya Kiingereza katika elimu yetu waliwapa wanafunzi majaribio, ikaonekana wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kujifunzia masomo mengine. (Walivyoshauri kiendelee tu kuwa lugha ya kufundishia ni ugomvi mwingine, leo siuingii.) Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, nao kuanzia 2010 uliwatuma watu wa kujitolea mpaka majumbani. Mtoto alipewa herufi, kisha maneno, aya, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kiingereza kiliachwa nyuma sana.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umekishusha Kiingereza hadi darasa la kwanza, kwa hiyo miradi itaongezeka. Halmashauri zetu, kabla ya kuipokea, ziulize: watoto mmewapima lini kabla ya kuanza? Majina yatoke kwenye daftari la mahudhurio, kila wa kumi, mwalimu asichague. Mtoto aongee, si kusoma tu, na anayemsikiliza atoke shule nyingine. Baada ya mwaka wapimwe wale wale, pamoja na wenzao wa shule ambayo mradi haukufika, la sivyo tutausifu mradi kwa kitu kilicholetwa na umri tu. Watu wa kufanya kazi hiyo wapo: wathibiti ubora wa shule, maafisa elimu kata na pikipiki zao, na walimu ambao tayari wanakutana kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini.

Na matokeo yarudi shuleni. Mimi sijawahi kuletewa ripoti ya mradi wowote niliohudhuria. Hiyo ya kuridhika niliisikia kwa rafiki wa halmashauri. Inaandikwa kwa Kiingereza, inakwenda kwa aliyetoa fedha. Mwalimu wa darasa la tatu anahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili: kati ya watoto ishirini waliosikilizwa, wangapi wameishia kwenye herufi, wangapi kwenye maneno, wangapi wameelewa hadithi na kujibu kwa mdomo. Ubandikwe ofisi ya walimu, ili hata aliyehamia Januari kutoka Magu ajue aanzie wapi kabla hajapewa ratiba.

Mwalimu mstaafu,
Igombe, Mwanza