Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi: Tupeni takwimu za Kilifi kituo kwa kituo

Mheshimiwa Erastus Edung Ethekon,
Mwenyekiti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pokea salamu kutoka Kilifi.

Nakuandikia kuhusu kura 21. Ndizo zilizomtenganisha mshindi wa ubunge wa Magarini na aliyemfuata mwaka 2022. Kesi ikaenda mahakamani, ushindi ukafutwa, na kwa kuwa Tume ilikaa muda mrefu bila makamishna, Magarini ikasubiri uchaguzi mdogo hadi tarehe 27 Novemba 2025. Kituo kimoja cha kupigia kura kinaruhusiwa kuwa na wapiga kura hadi 700. Watu 21 ni foleni fupi tu ya asubuhi nje ya darasa moja la shule ya msingi.

Magarini ina wadi sita: Marafa, Magarini, Gongoni, Adu, Garashi na Sabaki. Nilitaka kujua ni katika vituo gani watu walikuwa kwenye daftari la wapiga kura lakini hawakufika, na ni wapi daftari lenyewe halijakua tangu 2013. Si kwa ajili ya mgombea yeyote. Nilitaka kujua ili machifu, walimu na wazazi wa mahali hapo waambiwe kwa jina la shule na la kijiji kwamba hapa kwenu vijana wanabaki nje.

Swali hilo linahusu kaunti nzima. Kilifi ilikuwa na wapiga kura takriban 336,000 mwaka 2013. Mwaka 2017 wakafika 508,068, ongezeko la zaidi ya nusu. Mwaka 2022 wakawa 588,602, yaani nyongeza ya 80,534 tu katika miaka mitano, kwenye kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 1,453,787. Na siku ya kupiga kura, hata nusu ya hao waliosajiliwa hawakujitokeza. Nchi nzima waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65. Sisi tuliachwa nyuma sana, na mpaka leo tunaelezana sababu kwa kubahatisha: mmoja anasema ni vitambulisho, mwingine anasema ni umbali, wa tatu anasema watu wamekata tamaa na wanasiasa. Huenda wote wana haki, lakini kila mmoja mahali pake. Sababu ya Mtwapa, mji wa barabara kuu ya pwani, haiwezi kuwa sababu ya Bamba iliyo ndani bara.

Ndiyo maana nikakaa na wenzangu wawili tuchore ramani. Nieleze tulivyofanya, maana ombi langu limetoka humo.

Kwanza niseme wazi kwamba mwaka 2022 Tume ilifanya jambo kubwa. Fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, na kila Mkenya mwenye simu aliweza kuifungua ya kituo chake na kuilinganisha na aliyoiona mlangoni. Nilikaa usiku kucha nikizifungua moja moja. Sijawahi kuhisi kuwa uchaguzi ni wangu kama nilivyohisi usiku ule. Lakini fomu hizo ni picha. Kila tarakimu tuliinakili kwa mkono kutoka kwenye mwandiko wa karani aliyekuwa macho tangu alfajiri, saba ikifanana na moja, sifuri ikifanana na sita. Orodha ya vituo na idadi ya waliosajiliwa nayo ilitoka kwa PDF, ambayo nayo ilibidi tuichape upya. Na tulipofika kwa mwakilishi wadi, kiti kilicho karibu kabisa na mwananchi, tulikwama. Fomu 36A, zenye matokeo ya wadi kwa kila kituo, hazikuwekwa hadharani kama zilivyowekwa zile za urais. Zilibandikwa mlangoni pa kituo kama sheria inavyotaka, na karatasi ya mlangoni haidumu mbele ya upepo wa pwani. Mawakala wana nakala zao, ila za vyama vyao.

Kisha kuna suala la kulinganisha miaka. Kila msimbo wa kituo una tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneo bunge, nne za wadi, tatu za kituo cha usajili na mbili za mwisho za mkondo, yaani chumba kimoja cha kupigia kura ndani ya kituo hicho. Kilifi ni 003, Magarini ni 017. Huu ni mpangilio mzuri mno, na naupongeza. Shida ni kwamba mikondo huongezeka watu wakizidi, na wapiga kura hugawanywa upya kwa herufi za majina yao. Anayelinganisha mkondo wa 2017 na wa 2022 anaweza kudhani watu wamehama, kumbe wameingizwa chumba cha pili cha shule ileile. Tulilipoteza juma zima kwa kosa hilo kabla ya kuelewa kwamba lazima tujumlishe mikondo yote ya kituo kimoja cha usajili ndipo tulinganishe. Msimbo wa kituo cha usajili ukibaki uleule uchaguzi hadi uchaguzi, na kinapohamishwa au kubadilishwa jina ikaelezwa, hakuna atakayerudia kosa letu.

Ramani yenyewe pia hudanganya usipokuwa mwangalifu. Tulipopaka kila wadi rangi kwa kiwango cha waliopiga kura, Adu ilijaza nusu ya karatasi, na Shimo la Tewa, yenye umati wote wa Mtwapa, ikawa doa ambalo karibu ulikose. Mtu akiitazama angesema tatizo la Kilifi ni vichaka. Tulipoweka duara kwenye kila kituo, ukubwa wake ukifuata idadi ya watu, sura ikageuka kabisa: uzito wote ukashuka ukanda wa barabara kuu, Mtwapa, Kilifi mjini, Watamu, Malindi. Lakini duara linahitaji mahali. Hatukuwa na latitudo na longitudo za vituo, kwa hiyo tulizitafuta kwa jina la shule, na majina ya shule hufanana. Vingine tuliviweka kwa kumuuliza mwendesha bodaboda.

Na kuna kipimo ambacho hatukukipata kabisa, nacho naona ndicho muhimu kuliko vyote. Tunajua wangapi wamesajiliwa katika wadi. Hatujui hao ni sehemu gani ya watu wazima wa wadi hiyo, kwa sababu sensa huhesabu kwa kata na kata ndogo za utawala, na mipaka ya wadi haifuati hizo. Tume na Shirika la Takwimu la Taifa wakikaa meza moja, kazi hiyo wataimaliza. Hapo pia tutajua ni wapi daftari lina watu wachache, na ni wapi limebeba marehemu. Ukaguzi wa daftari wa 2022 ulikuta marehemu zaidi ya 246,000 nchini. Kila marehemu anayebaki kwenye daftari anahesabiwa kama mtu aliyekataa kwenda kupiga kura.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba hivi. Tume itoe matokeo ya viti vyote sita, kituo kwa kituo, kwa chaguzi za 2013, 2017 na 2022, katika majedwali ambayo kompyuta inaweza kuyasoma, pamoja na misimbo yake. Itoe mahali pa kila kituo cha usajili na mipaka ya wadi kwa mfumo wa ramani za dijitali. Na kuanzia sasa hadi daftari lifungwe, itoe kila mwezi idadi ya waliosajiliwa wapya na waliohamishia kura zao katika kila kituo, kwa umri na jinsia. Hayo ya kuhama tusiyapuuze. Kiti cha wadi huweza kupatikana kwa tofauti ya kura chache, na wanaposafirishwa watu kwa matatu kwenda kujiandikisha kwa jirani, idadi ya kituo hupanda ghafla. Wananchi wakiiona mapema, wataweza kuuliza mapema, badala ya kuuliza mahakamani.

Sitaki jina la mtu wala namba ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nimeisoma na naikubali. Ninachoomba ni jumla tu, na jumla hizo ni haki yetu chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Usajili ulipofunguliwa tena tarehe 29 Septemba 2025, ulianzia kwenye ofisi za maeneo bunge. Kijana wa Bamba au wa ndani ya Marafa analipa nauli ya kwenda na kurudi, na akikuta mtandao umelala anarudi bila kitu. Najua mashine za usajili hazitoshi kila kijiji. Ndiyo maana nasema ramani ianze kutumika kabla ya gari kuondoka: mashine ipelekwe kwanza pale ambapo watu wazima ni wengi na daftari ni fupi, na sisi tuonyeshwe ni kwa nini imepelekwa huko. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 kwenye daftari walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 kulinganisha na 2017. Waliokuwa na miaka 15 mwaka 2022 sasa wana kitambulisho mkononi, au wanakisubiri.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Majedwali yetu ya Kilifi, pamoja na makosa yote tunayoyajua ndani yake, tuko tayari kuyakabidhi kwa afisa yeyote utakayemtuma, na tutakaa naye tuyasahihishe kituo kwa kituo, tukianza na Magarini.

Wako mwaminifu,
Mkazi na mpiga kura wa Kaunti ya Kilifi