Barua ya wazi kwa wazazi Waswahili walioko England: herufi t si "ta"

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wenye watoto wa miaka 4 hadi 6 katika shule za msingi za England. Kuna jambo linaharibika nyumbani kila jioni, na linaharibiwa kwa mapenzi. Mtoto anarudi na kitabu chembamba cha maneno machache. Mama anakaa naye, anamwekea kidole kwenye neno cat, anamwambia: "Soma. Ka, a, ta." Mtoto anaunganisha kama alivyoambiwa, anapata "kaata". Mama anavunjika moyo na mtoto anajiona mjinga, kumbe kafuata sawasawa alichofundishwa.

Sisi tulijifunza kusoma kwa silabi: ba be bi bo bu, darasa zima kwa sauti moja. Kwa Kiswahili njia hiyo inafaa sana, maana silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Kiingereza hakikujengwa hivyo. Neno hukatika kwenye konsonanti, tena konsonanti mbili tatu huongozana bila irabu kati yake, kama mwanzo wa street au mwisho wa milk. Ulimi wetu haujazoea, ndiyo maana bus ikawa basi, shirt ikawa shati, coat ikawa koti. Hayo sasa ni maneno yetu na hayana kosa lolote. Ila mtoto akiona bat akasoma "bati", mwalimu anasikia neno ambalo halijaandikwa pale.

Shuleni wanafundisha kusoma kwa foniksi. Mtoto haanzi na majina ya herufi, yale ya "ei, bii, sii", anaanza na mlio wa kila herufi. Kiingereza kina herufi 26 lakini milio yake ni kama 44. Shule nyingi huanza na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa kwa herufi hizo sita tu mtoto tayari anasoma sat, pin, tap na nap. Somo hili ni la kila siku kuanzia darasa la awali, lile wanaloliita risepsheni. Kwa hiyo ukimfundisha "ta" jioni, asubuhi mwalimu anaanza kwa kukiondoa ulichokiweka.

Fanyeni hivi. Iko milio inayovutika: s, f, m, n, l, r, v, z, sh. Ivute kweli, "ssss", "mmmm" midomo ikiwa imefumbwa, na usimalizie na irabu. Iko mingine inayokatika. Kwa p, t na k inatoka pumzi peke yake. Shika kipande cha tishu mbele ya midomo na uweke vidole viwili kooni, kisha useme p. Tishu ipepee, koo litulie. Koo likitetemeka baada ya pumzi, umeshaongeza irabu. Kwa b, d na g koo litatetemeka kidogo, hapo hakuna namna. Ifupishe tu kadiri uwezavyo.

Mliopita chuoni, yaani madrasa, mna ufunguo mkononi. Hiyo t ya mwisho wa cat isomeni kama herufi yenye sukuni. Mtoto anayesoma Kurani jioni anajua tangu mapema kuwa herufi yenye sukuni haibebi irabu. Mwambieni hivyo hivyo, ataelewa haraka kuliko kwa maelezo marefu.

Mnapoanza kuunganisha, chagueni maneno yanayoanza kwa mlio wa kuvutika: sat, man, fin. Semeni "sssaaat" bila kuacha pengo. Pengo ndilo linalomponza mtoto: akifika mlio wa tatu ameshausahau wa kwanza. Kisha chukueni penseli. Chini ya kila herufi inayotoa mlio wake peke yake wekeni nukta, na chini ya herufi mbili zinazotoa mlio mmoja wekeni mstari. Neno fish litapata nukta, nukta, mstari. Herufi nne, milio mitatu. Mtoto aguse alama moja moja kwa kidole akitoa mlio wake, halafu apitishe kidole kutoka kushoto hadi kulia akisema neno zima.

Hizo sh na ch si ngeni kwetu, tunazo katika shamba na chai. Na th ya thin ni ile ya thamani, th ya this ni dh ya dhahabu. Mtoto anayeyasikia maneno hayo nyumbani anao tayari mlio ambao hata watoto wa Kiingereza wenyewe huchelewa kuupata.

Panapotutoa jasho ni kwenye irabu. Sisi tunazo tano. Masikioni mwa wengi wetu cat, cut na cart ni neno moja. Hapa msibahatishe. Mwombeni mwalimu rekodi au video ya milio inayotumiwa na shule yenu, msikilize pamoja na mtoto, na mkubali yeye awasahihishe. Lafudhi yenu si aibu.

Mwezi Juni wa mwaka wa kwanza (Year 1, unaofuata risepsheni), yaani akiwa na miaka 5 au 6, mtoto hupewa kipimo cha foniksi. Kilianza 2012. Anakaa peke yake na mwalimu anayemfahamu na kusoma maneno 40. Maneno 20 ni ya kweli, 20 ni ya kubuni, na haya ya kubuni huwekewa picha ya kiumbe wa ajabu ili mtoto ajue hayana maana. Wazazi wengi hulalamika kuwa ni upuuzi. Si upuuzi, maana neno lisilokuwepo haliwezi kukaririwa. Anayekwama hapo mara nyingi ni yule anayesoma kwa kukisia: anaona strom, anasema storm. Mzoezeni kusoma kilichoandikwa. Lafudhi huzingatiwa, haimpunguzii alama. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa 32. Asiyefika hupewa msaada na kupimwa tena mwaka wa pili. Harudishwi darasa, kwa hiyo msimtishe.

Kile kitabu chembamba msikidharau wala msiombe kigumu zaidi. Kimechaguliwa kilingane na milio anayoijua. Akisome mara tatu: siku ya kwanza atambue maneno, ya pili asome bila kusitasita, ya tatu mzungumze nini kimetokea na kwa nini. Akianza kutazama picha ili abahatishe neno, ifunike kwa kiganja. Yapo maneno yasiyofuata kanuni, kama said. Hapo s na d ni za kawaida, kilicho kigeni ni ai peke yake, basi mwonyesheni hicho tu. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili yenye machozi.

Na yale mazungumzo ya siku ya tatu yawe ya Kiswahili. Nawasihi sana. Msibadilishe lugha ya nyumbani kwa kudhani mnamsaidia. Mtoto anayejua kueleza kwa Kiswahili kwa nini kipepeo alitoka kwenye kifuko amebakiza kujifunza majina ya Kiingereza tu. Asiyeweza kueleza kwa lugha yoyote ana kazi mbili.

Mkienda kuonana na mwalimu, muda wenu kwa kawaida ni dakika 10 hivi. Msiumalize kwa kuuliza kama mtoto ana adabu. Ulizeni ni milio ipi bado hajaishika, na kama shida yake ni kuitambua au kuiunganisha, kwani dawa zake ni tofauti. Kama Kiingereza kinawatatiza, ombeni mkalimani kabla ya siku hiyo, msimbebeshe kazi hiyo mtoto mwenyewe wala kaka yake.