Kabla Hujalipenda Gari, Uliza Bima

Brampton, 28 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, mama? Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile koti umelivaa au bado limo ndani ya begi.

Picha za ile Mazda unayotaka kununua huko Sudbury zimefika. Gari ni zuri, sikatai. Ila ile picha ya tatu, uliyopigwa umeegemea boneti, imenitia wasiwasi, maana mtu akishaegemea boneti moyoni ameshanunua. Muuzaji anataka dola 4,200, na mia tano utangulize leo kabla ya jioni kwa sababu "kuna watu wengine watatu wanalitaka". Hao watu watatu nawafahamu. Walikuwepo Kariakoo mwaka ninanunua friji, na naona nao wamepata viza. Usitume hela. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa baba" kabla sijafika nilikokuwa naenda.

Tuanze na leseni. Umehamia Ontario, jimbo hili la Kanada, kuishi, hukuja kutembea, kwa hiyo leseni yako ya Tanzania, ile ya TRA, inakubaliwa siku 60 tu tangu ulipotua. Umetua mwisho wa Agosti, hesabu mwenyewe. Baada ya hapo hiyo kadi ni kumbukumbu. Waingereza na Wajapani wanabadilishana leseni dirishani, sisi hatumo kwenye orodha hiyo, tunapita mlango wa mtihani. Lakini mlango wenyewe una njia fupi na njia ndefu, na tofauti yake ni karatasi moja.

Mimi nilipofika Januari 2013 sikuwa nayo. Unajua nimetoka wapi: miaka 19 ya Dar–Tunduma, Kitonga nimeipanda usiku na mvua na kontena mgongoni. Nikaenda na leseni yangu na kifua mbele. Dada wa dirishani akaniuliza, una barua ya kuthibitisha uzoefu? Sina. Basi, akasema, bila barua naruhusiwa kukuhesabia mwaka mmoja. Miaka 19 ikawa mwaka mmoja, mama, hapo hapo, na watu nyuma yangu wanasubiri zamu. Maana yake nikafanya mtihani wa G2, leseni ya ngazi ya kati, halafu nikangoja miezi mingine 12 ndipo niguse G, ambayo ndiyo leseni kamili.

Wewe leseni yako ina miaka minne. Omba barua rasmi kutoka TRA, au ubalozi wetu pale Ottawa, inayosema leseni ilitolewa lini, ni ya daraja gani na kama ni halali. Wataitaka yenyewe, nakala haiwatoshi. Ukionyesha zaidi ya miaka miwili ya kuendesha ndani ya mitatu iliyopita, ukishapita kipimo cha macho na mtihani wa maswali, unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa barabarani wa G. Mwombe shangazi yako afuatilie hilo kesho asubuhi, yeye kwenye ofisi za watu hachoki.

Mtihani wa maswali haukutishi. Ni maswali 40: 20 ya alama, 20 ya sheria, na kila upande unatakiwa upate 16. Kitabu chao kisome tu, usitegemee akili ya Mwanza. Ukiukuta mwanga wa kijani unapepesa kwenye taa, ujue wanaokuja mbele yako wamesimamishwa na wewe unaweza kukata kushoto. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, simama hata kama unatoka upande wa pili, isipokuwa barabara imegawanywa katikati kwa tuta. Faini inaanzia dola 400, na pointi sita za makosa zinaingia kwenye leseni.

Barabarani ndiko nilikoaibika. Nilifeli mara ya kwanza. Ndiyo, mimi. Mama yako alishakuambia kuwa "mtihani uliahirishwa", basi haukuahirishwa. Msimamizi alikuwa kijana wa rika la mdogo wako, na hakuzungumza neno isipokuwa kushoto, kulia. Kwenye kibao cha STOP nilisimama kwa nia, magurudumu yakawa bado yanatambaa. Nilishika usukani kwa mkono mmoja kama niko Chalinze natafuta chai. Na kila nilipohama mstari niliangalia kioo, sikugeuza shingo. Huku lazima shingo igeuke, uangalie bega lako, upande ambao kioo hakioni, na msimamizi aone kuwa umegeuka. Nilikuwa naendesha vizuri, kwa maoni yangu. Ila nilikuwa nafanya mtihani wa nchi nyingine.

Kwa hiyo lipia masomo manne au matano kwa mwalimu wa huko huko Sudbury, hata kama unajua. Hakufundishi kuendesha, anakuvua mazoea. Mkono wako wa kushoto utatafuta gia ukute mlango. Na ukifika kwenye kipilefti, kumbuka huku unashika upande wa kulia, tuiite kipiraiti.

Sasa bima, na hapa naomba utulie.

Nyumbani tulizoea bima ndogo, unakata, unasahau mpaka trafiki akuulize. Huku bima ndiyo gari lenyewe. Ukikamatwa unaendesha bila bima, faini ya kosa la kwanza inaanzia dola 5,000 na inaweza kufika 25,000. Sheria inataka angalau dola 200,000 za kuwalipa utakaowadhuru, lakini karibu kila mtu anachukua milioni moja, na wewe chukua hiyo, nyongeza yake ni ndogo. Tangu Januari 2024 wanaruhusu mtu akatae kile kifungu kinacholipa gari lako pale kosa si lako. Watakuonyesha kuwa kukikataa kunapunguza bei. Usikikatae, maana ukishakikataa na mtu akakugonga umeegesha, huna wa kumdai.

Bei wanaipanga kwa mambo ambayo hayakuhusu wewe peke yako: leseni ya huku umeipata lini, unakaa wapi, gari ni la aina gani na linaibwa mara ngapi, unaendesha kilomita ngapi kwa mwaka. Miaka yako minne ya Vitz ya shangazi, kampuni nyingi haziihesabu. Wakala akikupa bei, muulize tena kama ile barua ya uzoefu itabadilisha chochote, na cheti cha shule ya udereva je. Wengine wanapunguza, wengine hapana, kwa hiyo uliza mawakala watatu, sio mmoja. Muulize pia kuhusu matairi ya baridi, hilo punguzo lipo kisheria tangu 2016.

Na uliza kabla ya kununua. Mwombe muuzaji namba ya chesisi, mpe wakala, akutajie bei ya mwaka. Mimi nilinunua kwanza. Gari la dola 3,000, nikalipia, nikaenda kutafuta bima nikiwa nacheka. Bima ya mwaka ikazidi bei ya gari. Brampton ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa mgeni mwenye G2 ya wiki mbili.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Rafiki yangu mmoja aliishi kimji kidogo mbali na huku, akaniambia, tumia anuani yangu, wote wanafanya hivyo, bei itashuka karibu nusu. Nikaitumia. Ilishuka kweli. Miezi kumi na moja nikajiona mjanja.

Februari nikateleza kwenye barafu makutanoni, nikaingia ubavuni mwa gari la mama mmoja. Hakuumia, namshukuru Mungu. Kampuni ikaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa: unafanya kazi wapi, zamu inaanza saa ngapi, gari linalala wapi. Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka kwenye ile anuani ni saa mbili na nusu za kuendesha. Yule bwana hakunigombeza, aliandika tu. Mama wa watu alilipwa, langu halikulipwa, na bima ikafutwa kwa sababu ya kusema uongo. Maneno hayo yakakaa kwenye rekodi yangu. Kampuni za kawaida zikanikataa, nikahamia kundi la madereva wa hatari, miaka mitatu. Ile mitatu, mama, ndiyo ambayo mlikuwa mnauliza baba mbona hatumi hela ya kumalizia nyumba. Nilikuwa nasema kazi zimepungua.

Nimekuandikia ili mtu wa chuoni akikwambia "weka anuani ya binamu yangu", ujue bei yake naijua mimi. Na wakikukata hela kila mwezi benki, hakikisha hela ipo. Bima ikifutwa kwa kutolipa, nalo ni doa.

Tuje kwenye Mazda. Muuzaji ni mtu binafsi, kwa hiyo sheria inamtaka akupe kifurushi cha taarifa za gari kutoka ServiceOntario, ofisi za huduma za serikali ya jimbo, dola 20 tu. Ndani yake utaona waliowahi kulimiliki na kama lina deni. Deni likiwepo linalifuata gari, sio mtu, na wenye hela zao wanaweza kulichukua mlangoni kwako. Akisema hana hicho kifurushi, wewe nawe useme huna hela. Ukikuta jina la mmiliki siyo la huyu anayekuuzia, ondoka bila kuaga.

Cheti cha usalama anachokupa fundi kina siku 36, na kinasema kuwa siku ile gari lilifaa barabarani. Hakisemi litafika Krismasi. Lipia fundi wako mwenyewe alipandishe juu. Kwetu tunasikiliza injini, huku tunaangalia uvungu. Wanamwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi na chumvi inakula bati kuanzia chini. Washa tochi ya simu, angalia kingo chini ya milango na mabomba ya breki. Rangi nyekundu inayong'aa juu haina habari na kinachoendelea chini.

Ukilinunua, una siku sita za kulihamishia jina lako. Utalipa kodi asilimia 13, na wanapiga kwenye bei mliyopatana au thamani ya kitabu chao, ile iliyo kubwa. Muuzaji atang'oa namba zake aende nazo, usishangae ukadhani umeibiwa. Huku namba ni za mtu, haziuzwi na gari.

Kwa hiyo hesabu yako isiwe 4,200. Weka kodi, weka fundi, weka malipo ya kwanza ya bima, halafu uone kinachobaki kwenye akiba. Kikibaki kidogo, panda basi mpaka Machi. Najua kituoni kuna baridi. Koti unalo.

Kuhusu kuja nyumbani kwa ile barabara ya 69: usiku usije, hasa mwezi huu na ujao. Kuna wale wanyama wao wakubwa, moose, wenye pembe kama sinia, wanasimama katikati ya lami, weusi, miguu mirefu, taa zinapita chini ya tumbo. Mikumi tembo unamwona, ana heshima zake. Hawa huwaoni mpaka umefika.

Matairi ya baridi niachie mimi. Ukishapata gari, nisomee tu zile namba zilizo ubavuni mwa tairi, nitanunua seti ya manne huku na kuja nazo Jumamosi nisiyo na zamu.

Yule muuzaji akipiga tena leo jioni, mpe namba yangu. Mwambie mtu wa nne amejitokeza, na anataka kuona uvungu.

Baba yako