Mtoto hajafika bado: barua kwa mwanangu anayehamia Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Assalam alaikum. Sisi huku Tanga hatujambo, ila baba yako na goti lake lile lile. Ama baada ya salamu, jana uliponipigia simu ulizungumza karibu dakika arobaini juu ya fuso la mizigo, makochi, na kabati la vyombo kama litapita mlangoni. Mume wangu, huyo mjukuu wangu, ulimtaja mara moja tu, tena kusema siku ya kupakia atapelekwa kwa jirani asiwasumbue. Nikanyamaza. Mtu mwenye haraka hashauriki kwenye simu. Nikaona bora niandike, utasoma ukiwa umekaa.

Hilo la kwa jirani liache. Mtoto wa miaka miwili akitoka asubuhi nyumba imejaa, akarudi jioni akakuta kuta tupu, hana namna ya kujua vitu vimekwenda wapi. Kwake vimepotea, na yeye huenda ndiye anayefuata. Mwache ayaone makochi yakipanda garini, na kule ayaone yakishuka. Mpe kibegi chake atie mwenyewe kigari chake kibovu na yule simba asiye na sikio. Atawachelewesha, ndiyo. Fuso litangoja.

Nayasema haya kwa sababu wewe nilikufanyia kinyume chake.

Novemba 1994 baba yako, akiwa Shirika la Reli, alipata uhamisho wa kwenda Tabora. Ulikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Pale Ngamiani ulikuwa na kigoda chako cha mvule, mguu mmoja mfupi, ukikikalia kinagonga sakafu ko, ko. Kila jioni ukishaogeshwa na kupakwa mafuta ya nazi ulikaa nacho mlango wa uani, uji mkononi, ukimsubiri baba yako. Wakati wa kufunga mizigo nilikitazama kile kigoda nikaona kuni. Nikampa jirani. Kanga uliyokuwa ukilalia nikaifua kwa sabuni ya unga mpaka ikanukia duka, maana sikutaka watu waseme wageni kutoka Tanga wachafu. Na wiki ile ile, kwa kuwa nilijua nikifika nitakuwa na kazi nyingi, nikakuachisha ziwa. Mambo matatu kwa mpigo, na mimi nikijiona hodari.

Tukaenda Dar kwa basi, kisha treni, daraja la pili, kwa pasi ya baba yako. Kila kituo ikisimama unauliza, "Hapa nyumbani?" Morogoro, hapa nyumbani? Dodoma, hapa nyumbani? Saranda baba yako akanunua kuku kupitia dirishani, nikakupa paja. Ulilishika mpaka likapoa na hukulila. Tulipoingia kota za reli Tabora hukuuliza tena. Nikasema alhamdulillahi, amezoea.

Wapi! Kesho yake jua lilipoanza kuzama ulikwenda ukachukua ndala zako, ukazivaa kulia kushoto, ukasimama mlangoni: "Twende nyumbani." Kesho yake tena. Kila siku saa kumi na mbili, hukosei, kama mwadhini. Nikawa nakueleza kwamba hapa ndipo nyumbani. Ulinitazama kama mimi ninavyomtazama mwuza samaki anayeapa changu wa juzi ni wa leo, kisha ukaangua kilio mpaka usingizi ukuchukue pale pale mlangoni. Ulikuwa umeshaacha kukojoa kitandani, ukaanza upya. Ukamng'ata mtoto wa watu. Asubuhi ya tatu ya shuka kulowa, nikakuchapa. Sijawahi kukwambia hilo miaka yote hii. Nakwambia leo kwa sababu mume wangu naye huenda akaanza, na wewe utakuwa umechoka, na mkono utakuwasha.

Bibi mmoja wa Kinyamwezi, kota ya pili kutoka kwetu, alinikuta nafua yale mashuka. Akauliza kama mtoto anaumwa. Nikasema haumwi, ni ukaidi tu. Akacheka. "Mtoto wako hajafika bado," akaniambia. "Umefika wewe na mizigo." Akaniuliza kule tulikotoka jioni ulikuwa ukifanya nini. Basi mwanangu, ningeulizwa sufuria ziko ngapi ningejibu papo hapo. Lile la jioni yako nilitafuta jibu.

Nikamwandikia mama yangu aniletee mafuta ya nazi. Tabora ni watu wa karanga na asali, nazi wakati ule ilikuwa ya kutafuta. Chupa ikaja na mfanyakazi mmoja wa reli. Siku ile nikatandika mkeka mlango wa uani, nikakuogesha kabla ya magharibi, nikakupaka. Ukanusa mkono wako. Ukanusa na wa pili. Kisha ukaenda kukaa mkekani, ukaomba uji. Usidhani ilikuwa uganga, maana ndala ulizivaa siku ile pia. Ila ulizivaa umekaa. Zilipita kama wiki sita hivi ndipo ukazisahau.

Kulikuwa na jambo jingine, la maembe. Tabora ilivyo na miembe, na Novemba yalishaanza kuiva, basi usiku embe likidondoka juu ya bati ni kama bunduki. Ulikuwa unaruka kitandani. Mimi nilikuwa nakwambia "nyamaza, si kitu." Baba yako ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Asubuhi alikushika mkono mkazunguka nyuma ya nyumba, akakuonyesha embe lenyewe, limepasuka upande, akasema, "Huyu ndiye aliyepiga kelele." Ukalipiga kofi. Tangu hapo likianguka usiku unasema "embe" na kugeuka upande wa pili. Dodoma upepo wake ni wa kutingisha madirisha. Usimwambie mume wangu si kitu. Mpeleke dirishani mchana alione linavyogonga, alitingishe mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile lililoninyima usingizi zaidi ya yote. Ulisema dada wa kazi mnamwacha Dar, Dodoma mtapata mwingine. Mwanangu, wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri unarudi usiku. Anayejua kuwa mtoto hali ndizi iliyokatwa mpaka apewe nzima ni yule binti. Nyumba mtoto anaweza kuizoea nyingine. Lakini mkibadilisha nyumba, mji na dada kwa siku moja, mnamwachia nini anachokijua mchana kutwa? Kaa na yule binti umwombe aende nanyi hata mwezi mmoja, umlipe nauli na nyongeza, amkabidhi mwenzake huku mtoto akiona. Akikataa ni haki yake, ana kwao na ana mipango yake. Hapo usimtoroshe mtoto akiwa amelala, kama watu wanavyopenda kufanya kukwepa kilio. Mwache dada mwenyewe amwambie kwaheri, walie wote wawili. Mtoto aliyetorokwa mara moja atakushika gauni hata ukienda chooni.

Kumwambia habari za safari usianze leo. "Mwezi ujao" kwake ni maneno tu. Siku tatu nne kabla zinatosha, na umwambie kwa vitu: tutapanda treni, kitanda chako kitakuja, chandarua chako kitakuja. Na siku yenyewe, maana treni ya umeme saa tano hazifiki mko Dodoma, usimwache alale njia nzima akaamka kwingine. Sisi tulichukua siku nzima na ushee, angalau uliona nchi ikibadilika.

Mkifika, kitanda chake kifungwe kwanza, kabla ya jiko, kabla ya televisheni ya mumeo. Shuka lake lisifuliwe wiki hiyo. Ndiyo, litanuka. Ndilo ninalolitaka. Mambo ya poti yaahirishwe, na kama bado ananyonya usiku, mwache anyonye. Utamwachisha akishajua choo kiko wapi.

Mengine unayajua. Maji ya visima ya Dodoma mengi yana ladha ya chumvichumvi, atayatema. Mchemshie, yapoe, anywe kwa kikombe chake kile kile na si kipya. Pipa la maji ya akiba liwe na kifuniko kinachobana, na ndoo isilale na maji, mtoto huzama hata penye kina cha shubiri. Juni na Julai usiku ni baridi, yule wa Mbagala hajui sweta ni nini. Kadi ya kliniki itembee mkobani mwako, si kwenye boksi, maana matone ya vitamini A na dawa ya minyoo ni kila miezi sita mpaka afikishe miaka mitano, na zahanati mpya watakuuliza.

Wakati uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma unapita mwaka 1973 mimi nilikuwa darasa la pili. Nani angejua utakuja kuamua jioni ya mjukuu wangu!

Uliniomba nije wiki ya kwanza kukusaidia kupanga. Sitakuja, na usinune. Nikiwepo siku ya kwanza atanihesabu pamoja na nyumba, kisha nitaondoka nimwache na pengo jingine. Nitakuja baada ya mwezi, nikaribishwe kama mgeni, yeye ndiye anionyeshe choo kiko wapi. Nipigie simu kila jioni akiwa anaoga, niweke sauti kubwa, nitamwimbia ule wimbo wa kaa na pweza anaoupenda.

Chupa ya mafuta ya nazi nampa dereva wa basi la kesho asubuhi. Nimekaza kifuniko na kuifunga mifuko miwili. Isiende na fuso, iwe mkobani, uipate bila kutafuta. Na lile beseni la bluu lenye ufa analoogea, ulilosema unalitupa, lipakie. Likivuja, livuje.

Msalimie mumeo. Mume wangu mbusu utosini.

Mama yako,
Tanga