Pasheni ya zambarau ibebeshwe juu ya shina la njano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wauzaji wa miche, pamoja na sisi tunaopanda pasheni nyuma ya nyumba, tuache kuiotesha pasheni ya zambarau juu ya mizizi yake yenyewe mahali ambapo mnyauko umekwisha kuingia.

Sisi wa nyanda za juu twaipenda zambarau kwa harufu yake na kwa kuwa huzaa vizuri penye ubaridi. Hata hivyo, mizizi yake haina nguvu mbele ya kuvu ya fusariamu, ambayo hukaa udongoni miaka mingi, hupanda ndani ya shina na kuziba njia za maji, hata mti uliojaa matunda ukanyauka wote. Kung'oa na kupanda mwingine katika shimo lile lile hakusaidii kitu. Pasheni ya njano, ile ya maeneo ya joto, huustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi, na ndiyo inayofaa kuwa shina la chini, ambalo zambarau hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu yake.

Mche wa njano ukifikia unene wa penseli hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati, kisha kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha zambarau chenye unene ule ule, kilichochongwa kama kabari, huchomekwa humo, maganda yakutane walau upande mmoja. Hufungwa kwa utepe wa nailoni, hufunikwa kisikauke, na kuwekwa kivulini kwa wiki tatu hivi.

Kinachoniuma ni kuuona mche uliobebeshwa kwa ustadi ukipandwa hadi kiungo kikafukiwa, kwani zambarau ikigusa udongo hutoa mizizi yake, na kazi yote imepotea. Kiungo kibaki juu kabisa ya ardhi, na machipukizi ya njano yanayoota chini yake yaondolewe mapema.

Wala kubebesha si kinga ya kila ugonjwa. Virusi vinavyoyafanya matunda kuwa madogo na magumu husafiri ndani ya kikonyo na juu ya wembe, mbali na kubebwa pia na wadudu wadogo waitwao vidukari. Kwa hiyo vikonyo vikatwe kwenye mti wenye majani safi, na wembe usafishwe kila unapohama mti.

Nawaomba wauzaji wamweleze mnunuzi mche umebebeshwa juu ya shina gani na vikonyo vimetoka kwenye mti wa namna gani, na ukurasa wako wa kilimo utuchapishie picha za hatua hizi kabla ya mvua za masika.

Msomaji wako,
Lushoto