Tuchukue shamba la chemchemi au lenye udongo mzuri?

Ndugu mhariri,

Mimi na mke wangu tumeamua kuhama mjini tukaishi kwa kulima na kufuga, tujitegemee kwa chakula na maji kadiri tutakavyoweza. Kaunti tumeshaipata. Tunachobishania ni shamba, na kila tukilizungumzia tunaishia kununiana.

La kwanza liko bondeni. Udongo una kina na unashika unyevu, na barabara inapitika hata wakati wa mvua. Maji hakuna, ila ya kukinga kwenye paa. Nikapiga hesabu. Kaunti hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, na kila milimita juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 litatupa lita 48,000. Ukitoa zinazomwagika na kukauka, tuseme 38,000. Sisi wanne, kwa lita 20 kila mtu kwa siku, tutatumia lita 12,000 kiangazi chote cha miezi mitano. Nikafurahi, mpaka nilipofika kwenye bustani. Jua kali hukausha kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo bustani ya mita 10 kwa 10 itataka lita 75,000 kiangazi hicho hicho. Kumbe mnywaji mkubwa wa maji hapa nyumbani si sisi, ni mboga!

La pili liko mlimani, na ndilo alilolipenda mke wangu. Lina chemchemi iliyojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 4, yaani lita 7,200 kwa siku. Ila tulipima mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekatika. Muuzaji anaapa haijawahi kukauka. Niliwauliza kina mama waliokuwa wakichota pale. Wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Inategemea mwaka," akajitwika ndoo akaenda zake. Hati ya shamba haisemi lolote kuhusu hao wanaochota. Udongo nao ni haba, jembe linagonga mwamba kabla halijazama, na mteremko ni mkali.

Mke wangu anasema udongo hutengenezwa kwa samadi na matuta, lakini maji hayatengenezwi. Mimi nasema kiangazi bustani hupunguzwa, tukala nafaka za ghalani na mboga tulizokausha. Tukichimba kisima bondeni huenda tukapata maji, ila jirani mmoja alichimba akapata ya chumvi.

Walioishi maisha haya watushauri. Je, tusubiri mwisho wa kiangazi tupime chemchemi upya, ingawa muuzaji anadai kuna mnunuzi mwingine (wauzaji hawakosi huyo mnunuzi)? Au tumlipe kwanza mtaalamu wa maji ya ardhini akague bondeni? Na tukichukua la mlimani, tukubaliane vipi na wanaochota, na makubaliano hayo yaandikwe wapi?

Ni mimi,
Msomaji aliyekwama njia panda